Mazulia Matatu ya Matambara

Watoto wa siku hizi ndio wanaosoma, lakini wanaofanya mtihani ni sisi wazazi. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni, akaweka begi chini, akanitazama kama chifu aliyekuja kuvunja mtungi wa chang'aa.

"Mama, mwalimu amesema tupeleke zulia la matambara. La vitu vilivyotupwa. Ijumaa."

"Tupeleke nani na nani?"

"Mimi na wewe."

Sikushangaa. Mwezi uliopita ilikuwa chungu cha maua cha chupa ya plastiki. Kabla ya hapo tulikuwa tumegongagonga marimba ya vifuniko vya soda mpaka majirani wakatuombea, na kabla yake tulitengeneza kitu cha maboksi ambacho hadi leo sijui kama kilikuwa nyumba au ng'ombe, lakini kilipata alama nzuri. Basi nikashuka sokoni kutafuta gunia kuukuu la katani. Siku hizi magunia yote ni ya nailoni, na nilizunguka soko lile mpaka likanizoea. Mwishowe mama mmoja muuza viazi alivuta moja kutoka chini ya mbwa wake, mbwa akanitazama kwa uchungu, nikalibeba nyumbani. Nikalikung'uta mara moja tu mlangoni, na ile harufu ikanipiga usoni: udongo mweusi, katani iliyolowa ikakauka, na ule utamu wa kiazi kilichosahauliwa pembeni kikaanza kuoza.

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale kwenye ngazi, gunia mapajani.

"Mama, ni vumbi?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni vumbi.

Harufu ile ni ya Kibirichia, kwetu, ambako viazi vilikuwa vikubwa kama kichwa cha ndama na baridi ilikuwa baridi yenyewe, si hii ya mjini ya kuvalia koti la maringo. Kwetu maziwa yalitoka kwa ng'ombe yakiwa nusu yameganda. Ukinibishia, nenda ukalale huko mwezi wa saba, kisha urudi tuongee. Tulikuwa watatu kwa mama yetu. Mutuma ndiye wa kwanza, kijana wa maneno machache sana, kama mtu ambaye kila neno analitoa benki. Mimi nikafuata, nikachukua maneno yote aliyoyaacha. Wa mwisho alikuwa Makena, aliyekuwa bado anatembea kama mlevi wa sikukuu. Baba alizikwa kabla Makena hajasimama. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na mlango wake ulikuwa mmoja. Ushike huo mlango mmoja, maana ndio ulionipoteza.

Wewe wa rika langu unakumbuka tulivyoishi. Hakuna aliyesema anatengeneza kitu kwa vitu vilivyotupwa, kwa sababu hakuna kilichotupwa. Mkebe wa mafuta ya kupikia ukiisha ulikuwa koroboi, koroboi ikitoboka ilikuwa gari la Mutuma, gari likivunjika lilikuwa kifuniko cha shimo la panya. Tairi lilikuwa viatu. Maganda ya mahindi yalikuwa mto wa kulalia, na ukigeuka usiku kichwa kinapiga makofi. Makena alikuwa na mwanasesere wa soksi ya baba, mwenye macho ya vifungo viwili visivyolingana, kwa hiyo alikuwa anakutazama wewe na mtu mwingine. Vyote hivyo ni mikono ya mama. Alikuwa na kidole gumba kilichopinda kidogo kwa kushika jembe, na kidole hicho kilijua kazi kuliko watu wengine wazima.

Msimu ninaousema mama alikuwa ametoka hospitali kubwa Meru. Alirudi na mfuko wa dawa na sauti ndogo. Hakurudi shambani. Majirani walituvunia viazi, naye alikaa nyuma ya nyumba, mahali jua lilipokuwa linapiga ukuta wa mbao, akajifunika shuka, akakohoa. Nilidhani anapumzika kwa sababu amefanya kazi nyingi. Mtu akilima miaka yote hiyo, niliwaza, si lazima apewe likizo?

Siku moja akamwambia Mutuma amletee magunia matatu ya katani, yasiyotoboka. Tuliyafua kwa maji ya jivu, tukayaanika juu ya ua wa kayaba, na harufu ile haikutoka hata tufanye nini. Kisha akavuta sanduku lake la nguo kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa sanduku la bati lenye maua ya rangi, na sisi hatukuruhusiwa hata kulipumulia. Akatoa gauni la njano, lile la maua madogo meupe, alilokuwa akivaa siku za harusi za watu. Akalitandaza mapajani, akalilainisha kwa kiganja kama anayemlaza mtoto. Halafu akachukua mkasi.

Nilipiga ukelele uliosikika mpaka Kiirua.

"Nyamaza, wewe," mama akasema. "Njoo ushike hapa, uvute. Usikate nene. Upana wa kidole chako."

Ndivyo tulivyoanza. Nguo inakatwa tepe ndefu, nyembamba. Mutuma alikunja ncha ya spoki ya baiskeli ikawa kama ndoana, akaitia mpini wa gunzi la mahindi. Mama alikuwa anachoma spoki kwenye tundu la gunia, ananasa tepe kutoka chini, anaivuta juu kitanzi kidogo, anasonga tundu la pili. Kitanzi kwa kitanzi, mstari kwa mstari. Kwa mbali ungedhani ni shamba la maua limeota juu ya gunia. Kila baada ya mistari michache alipumzika, akafumba macho, nami nikadhani anachagua rangi.

Jirani yetu, Mama Kananu, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alitupata katikati ya kazi.

"Mama Mutuma! Umerukwa na akili? Hiyo si gauni ya harusi ya dada yako?"

"Ni nguo tu."

"Na hiyo ya buluu pia? Sasa Jumapili utavaa nini?"

"Si sare ya kanisa iko."

"Na Jumatatu?"

Mama akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kilipomwachilia alisema, "Jumatatu nitajua ikifika."

Mama Kananu hakucheka. Alisimama pale kidogo, mikono kiunoni, kisha akavuta kigoda, akaketi, akachukua mkasi mwingine akaanza kukata. Hakusema neno lingine mpaka jioni, na kwa Mama Kananu hiyo ilikuwa kama kufunga wiki nzima. Mimi nilijisemea: hata yeye amejua. Mtu hakati nguo nzuri hivihivi. Anayekata za zamani ameshaona mpya.

Kisha Mjomba Mwenda akaja kutoka Kiirua. Huyo ni kaka yake mama, fundi wa nyumba, mtu asiyetembea bila futi kamba mfukoni. Walipoanza kuongea, sisi tulitumwa maji. Tuliporudi, mjomba alikuwa amesimama nje, anaitazama nyumba yetu juu mpaka chini, anapenga kamasi kwenye leso. Nilimwona vizuri sana. Alikuwa anapima kwa macho.

Hapo hesabu yangu ikakamilika. Mazulia ni matatu. Mlango ni mmoja. Fundi amekuja. Jibu ni nini? Tunajengewa nyumba ya milango mitatu!

Nilimpa Mutuma habari hizo tukikata nyasi za ng'ombe.

"Nani amekuambia?"

"Hesabu."

Alinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. "Nyamaza na hiyo hesabu yako," akasema, akaendelea kukata nyasi, akikata hata mahali ambapo hapakuwa na nyasi. Nilidhani ana wivu kwa kuwa nimegundua kabla yake.

Shuleni nilitangaza. Siku ya kwanza nyumba ilikuwa na milango mitatu. Siku ya pili ikapata vioo. Kufikia Ijumaa ilikuwa na ghorofa, na mabati yake yalikuwa mekundu, yanaonekana na watu wa Nanyuki wakinywa chai.

"Milango mitatu ya nini?" akauliza Gatwiri, msichana mmoja wa darasa letu ambaye alizaliwa akibisha. "Mko wangapi kwenu?"

"Mmoja wa wageni. Mmoja wetu. Mmoja wa kuku."

"Kuku! Na kuku watapanguza miguu kwa zulia?"

"Kwetu ndiyo. Kwani kwenu wanaingia na matope?"

Darasa zima likaangua kicheko, na nikarudi nyumbani nikiwa mrefu kama mlingoti.

Mama alikuwa amemaliza zulia la kwanza na anamalizia la pili. Alikuwa na mambo yake ya ajabu juu ya mazulia hayo. Aliyapima kwa kamba ili yalingane, asitokee wa kusema la fulani ni kubwa. Na gauni lile la njano aliligawanya mafungu matatu sawasawa. Mimi nilitaka njano yote iwekwe kwenye zulia moja, la mlango wa wageni, ili tuwaumize macho.

"Hapana," akasema. "Njano lazima iingie yote matatu. Na ya buluu hivyo hivyo. Kila nguo iingie yote matatu."

"Na hili ni la mlango gani?"

Spoki ikasimama.

"Hili? Hili ni la mlango wako."

"Nitakuwa na mlango wangu?"

"Utakuwa nao."

"Na Mutuma?"

"Na yeye."

"Hata Makena?"

"Hata Makena. Ila wake ni wa mbali kidogo."

"Mbali wapi? Kule kwa zizi?"

Mama akacheka, akaifuta pua yangu kwa tepe ya njano. "Mbele ya zizi, kairitu gakwa. Mbele kidogo."

Kairitu gakwa ni kama kusema kasichana kangu. Alikuwa na namna ya kulitamka, akiivuta ile silabi ya katikati. Nimejaribu kumwita binti yangu hivyo na halitoki vile.

La tatu lilimpa shida. Vidole vilikuwa vimeanza kumsaliti, spoki inateleza, kitanzi kinatoka kirefu anakirudia. Asubuhi alikuwa anaomba abebwe nje kabla hata jua halijafika ukutani. Mama Kananu alimsihi amwachie amalizie. Alikataa. "Hili ni la huyu asiyenijua," akasema, akielekeza kidevu kwa Makena aliyekuwa anakula udongo. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili, na likapita. Makena asiyemjua mama? Si analala kifuani kwake kila siku? Nikadhani ni dawa zinaongea.

Hakulimaliza. Ilibaki pembe moja, kama upana wa sahani.

Sitaeleza mazishi. Mvua ilinyesha, watu waliimba, mama alivalishwa sare yake ya kanisa na kitambaa chake cheupe, akaonekana kama anayekwenda mkutano wa akina mama. Nakumbuka nilimtafuta mjomba kwa macho nione kama amekuja na mawe ya msingi.

Kwetu, mtu akishazikwa, nguo zake hugawanywa. Jamaa wanaketi, sanduku linafunguliwa, shangazi anachukua hiki, mke wa binamu kile, na kila nguo inakwenda njia yake. Si ubaya. Ni desturi, na wengine huzivaa wakilia. Basi akina mama wa ukoo wakaketi ndani, na Tata, yaani shangazi yetu dada ya baba, aliyekuwa na mkahawa wake Meru mjini, akalivuta sanduku la maua, akalifungua.

Ndani kulikuwa na vifungo, na zipu tatu.

Tata akageuza sanduku, akaligonga matako, akachungulia tena. "Haki ya Mungu, huyu mwanamke alizivaa zote akaenda nazo?"

"Ile ya njano iko wapi?" mwingine akauliza. "Mimi nilikuwa nimeiweka kwa roho."

Wakaanza kutazamana, yale macho ya nani alitangulia kufika. Hapo Mama Kananu akainuka, akainama chini ya kitanda, akatoa mazulia matatu yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba, akayatandaza moja moja katikati ya chumba.

"Zote ziko hapa," akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Kama kuna anayetaka gauni yake, aanze kufumua."

Tata akafunga sanduku.

"Alisema hivi: nguo zake wasigawane watu, wagawane watoto. Hii ya Mutuma, inaenda na yeye Kiirua kwa mjomba wake. Hii ya huyu," mkono ukanigusa kichwa, "inaenda na yeye kwako wewe Tata, Meru. Na hii ya mtoto inaenda Embu."

Embu ni kwa mama yetu mdogo, aliyeolewa Kianjokoma. Nilimwona ameketi karibu na pazia, Makena amelala mapajani mwake, na mkono wake umeshamzunguka kama mtu aliyeshika mzigo wake kituoni. Milango mitatu. Kiirua, Meru, Kianjokoma. Ilikuwa kweli, kila neno. Mama hakuwa amenidanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyeiweka yote kwenye nyumba moja.

Wakati wakubwa wanakula, Mutuma alilichukua zulia la Makena akaenda nalo pale nyuma ukutani. Nilimfuata. Alikuwa na gauni la mama la kila siku, lile la shambani lililonuka moshi na viazi, ambalo hata ukoo usingelipigania. Tukalikata. Tepe zetu zilikuwa mbovu, nene hapa, nyembamba pale, na machozi yalikuwa yanatuzuia kuona matundu. Tulijaza ile pembe. Ndiyo siku pekee niliyokaa na ndugu yangu mchana mzima na maneno yangu yakawa machache kuliko yake.

Kwa Tata sikuteswa, nisije nikamsingizia. Ila mkahawa ulihitaji mikono na yake haikutosha, kwa hiyo yangu ikajazia. Shule ikasogea pembeni, ikasubiri. Nimeimaliza juzijuzi tu, darasa la ngumbaru la jioni, nikiwa mzee kuliko mwalimu na viti. Zulia langu nililitandaza kando ya kitanda, nikalikanyaga asubuhi na jioni kama alivyotaka, na vitanzi vikalala, na rangi zikafifia. Njano ndiyo iliyotangulia.

Krismasi ya pili, Mjomba Mwenda alinipitia mimi na Mutuma akatupeleka Kianjokoma kumwona Makena. Nilikuwa nimejiandaa kama waziri. Nilimshonea mwanasesere wa soksi, nikampa nywele za uzi wa sweta lililofumuliwa na macho ya vifungo viwili ambavyo safari hii vililingana. Huko kwao ni chai na kahawa, udongo mwekundu, joto la kutosha kuanika mtu. Nilipomwona uani sikumjua. Alikuwa na miguu mirefu na mwanya. Alikuwa anamfokea kuku kwa Kiembu, upesi upesi, na nilishika nusu tu.

Nikamkimbilia mikono wazi. Akakimbilia nyuma ya sketi ya mama mdogo.

"Makena, msalimie dada yako."

"Dada yangu ni Wanja," akasema, akimwonyesha binti wa mama mdogo.

"Wanja ni dada yako. Na huyu pia ni dada yako. Na huyu ni kaka yako Mutuma."

Alitupima, akamchukua mwanasesere kwa vidole viwili. "Asante, mgeni," akasema. Mama mdogo akaomba radhi kwa macho. Mutuma akageuka, akaanza kuusifu mti wa kahawa, mti wa kawaida kabisa.

Tukaingia ndani kuweka mizigo. Chumba walicholala wasichana kilikuwa kidogo, safi, dirisha limefunguliwa. Zulia lilikuwa sakafuni chini ya dirisha, peke yake, hakuna kiti karibu wala kiatu. Njano yake ilikuwa bado njano. Buluu ilikuwa buluu. Vitanzi vilikuwa vimesimama vyote kama siku vilipovutwa. Nililiendea na viatu vyangu vya Krismasi, moyo umenijaa, na nikainua mguu.

"Toka!" Makena akapiga kelele, akanisukuma tumboni kwa mikono miwili. "Unakanyaga mama!"

Nikarudisha mguu nyuma.

"Nilimwambia ni nguo za mama yenu," mama mdogo akasema polepole kutoka mlangoni. "Hivyo tu ndivyo nilivyomwambia. Hayo mengine ameyaamua mwenyewe. Asubuhi anamwamkia yeye kabla ya kutuamkia sisi. Nimeshindwa kumwambia siyo."

Mimi ninayeweza kuijenga ghorofa kwa maneno kati ya Jumatatu na Ijumaa, nilifungua mdomo nikakosa pa kuanzia. Ningemwambia mama alikuwa na kidole gumba kilichopinda. Ningemwambia jinsi alivyocheka, na alivyokuwa anamlaza kifuani yeye Makena mwenyewe, kwenye baridi ile. Makena alikuwa amezuia mbele ya zulia, mikono ameitandaza, kidevu kimeinuka, tayari kunipiga tena.

Niliinama nikavua viatu, nikaviweka nje ya mlango. Mutuma akavua vyake. Tukarudi, soksi zetu zina matundu, tukasimama pembeni.

Makena alitutazama miguu, mmoja mmoja, mpaka akaridhika. Akashusha mikono, akasogea kidogo akatuachia nafasi.

"Sasa msalimieni," akasema.

Tukapiga magoti, tukasalimia.